Breki za Land Rover Kuukuu

Afuataye Naivasha Road kutoka Dagoretti Corner mpaka Kawangware ataona kando ya njia magari yaliyoinuliwa juu ya mawe na magogo, na mafundi wa jua kali wamelala chini yake. Mengi ni magari madogo ya Kijapani. Lakini mara kwa mara huonekana Land Rover ya zamani, bati lake limebonyea na rangi imebabuka, nayo bado yafanya kazi ya kila siku.

Mzee mmoja akaaye Kibera alimfikia fundi wake huko akiwa na haja moja. Gari lake ni Series III, lile refu liitwalo 109, nalo huchukua bidhaa za duka kutoka Nairobi mpaka upande wa Magadi, na wakati wa kurudi huchukua mbuzi. "Fundi," akasema, "nataka uniondolee breki hizi za kizamani, unitilie za diski kama za magari ya siku hizi." Fundi hakujibu mara moja. Aliingia garini akakanyaga breki, na kanyagio likazama karibu kugusa sakafu. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu, likapanda. Ndipo aliposema, "Mzee wangu, diski nitakutilia ukitaka. Lakini kwanza tuone kwa nini hizi ulizo nazo zimelala."

Fundi huyo alinena kweli, na kwa kuwa wako wengi wenye magari kama hayo na wenye haja kama hiyo, yafaa jambo hili lielezwe tangu mwanzo wake.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Series II ilifuata mwaka wa 1958, na Series III ilitengenezwa tangu 1971 hata 1985. Magari hayo yote yalitoka kiwandani na breki za dramu katika magurudumu manne. Dramu ni ngoma ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mwandamo, ambavyo mafundi huviita shuu, na juu ya kila shuu pamegandishwa lainingi, kitu kigumu cha kusugulia. Dereva akanyagapo breki, masta silinda husukuma mafuta katika paipu, mafuta hufika kwenye silinda ndogo za magurudumu, nazo huzitanua shuu mpaka lainingi ziibane ngoma kwa ndani. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Hewa hushindilika, na ndiyo sababu hewa kidogo tu ikiingia ndani ya paipu, kanyagio huwa laini kama sifongo na gari halisimami.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari likienda kilomita 80 kwa saa huwa na nguvu ya mwendo mara nne ya ile liliyo nayo likienda kilomita 40, wala si mara mbili kama wengi wadhanivyo. Tena Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Ziwa Magadi liko kiasi cha mita 600 tu. Aipitaye Kiserian na kufika Corner Baridi huanza kuteremka Bonde la Ufa, na kabla hajafika mwisho wa safari amekwisha kushuka zaidi ya mita 1,000. Joto la mteremko wote huo, kama dereva hatumii gia, huingia katika ngoma nne za chuma. Ngoma ikipata moto hutanuka, hujitenga na shuu, na lainingi nazo huanza kuteleza. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi na hupata breki kidogo zaidi.

Huku Kibera hali ni nyingine. Katika njia nyembamba za Makina au Lindi hakuna awezaye kupata mwendo wa kuchemsha breki. Lakini hatua tatu mbele ya gari pana mtoto, pana mkokoteni wa maji, pana mama na beseni la samaki, na kando yao pikipiki tatu. Hapo hatari ni breki kutoshika hata mara moja. Na Land Rover nyingi za zamani zina kasoro moja iwezayo kuleta jambo hilo, nayo ni kwamba mafuta yote hutoka katika masta silinda yenye chumba kimoja na njia moja. Paipu moja ikipasuka, au mpira wa silinda moja ukikatika, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja.

Kwa maoni yetu, basi, mwenye fedha chache asianze kwa kununua breki zenye nguvu zaidi. Aanze kwa kuzitengeneza alizo nazo, kisha anunue njia ya pili ya mafuta.

Kutengeneza kwenyewe si kazi ya siri. Mipira ya silinda ibadilishwe yote, wala si ule mmoja uvujao. Paipu za mpira zilizopasuka-pasuka zitupwe. Paipu za chuma zilizoliwa na kutu zitupwe pia, na mpya ziungwe kwa viungo vyake hasa, wala zisifungwe kwa waya. Shuu zirekebishwe mpaka zikaribie ngoma, maana hilo peke yake mara nyingi hulipandisha kanyagio lililokuwa limezama. Wako wafanyao hila ya kuziba paipu ya gurudumu moja linalovuja ili wafike nyumbani, na nyumbani wakaiacha hivyo mwaka mzima. Gari la namna hiyo likikanyagwa ghafula huvuta upande mmoja, nako ndiko waliko waendao kwa miguu.

Mafuta ya breki yataka maneno zaidi kidogo. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lipite digrii 230. Yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka kwa digrii 155. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua. Mwenye kuongeza mafuta ya injini au maji ya bomba ajue kwamba mafuta ya injini huivimbisha mipira yote na kuiharibu, na maji huleta kutu na kuchemka upesi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulidharau. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka wa 1999. Vumbi lake likivutwa ndani ya mapafu huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Hata hivyo twaona kila siku fundi akiifungua ngoma na kulipulizia vumbi kwa mdomo au kwa kompresa, na hatua chache kutoka hapo mama anauza chapati. Vumbi hilo lisipulizwe kamwe. Lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa.

Baada ya hayo ndipo yaje maongezo. La kwanza ni masta silinda yenye vyumba viwili, kama ile iliyotiwa katika Series III za miaka ya mwisho. Chumba kimoja hulisha magurudumu ya mbele na kingine ya nyuma. Paipu ya mbele ikipasuka, ya nyuma yabaki. Gari halitasimama upesi, kwa maana breki za mbele ndizo zifanyazo sehemu kubwa ya kazi, lakini litasimama.

Pamoja na hiyo huja busta, lile kopo la duara kubwa lililo mbele ya kanyagio, lenye kuusaidia mguu. Busta hufanya kazi kwa kufyonzwa hewa na injini. Hapa mwenye gari na awe mwangalifu. Injini ya petroli hufyonza hewa yenyewe, bali ya dizeli haifyonzi vya kutosha. Land Rover nyingi za Nairobi zimekwisha kutiwa injini za dizeli za Kijapani, na hizo huwa na pampu maalumu ya kufyonza hewa, mara nyingi nyuma ya jenereta ya kuchajia betri. Fundi akiitupa pampu hiyo kwa kudhani haina kazi, busta itakuwa pambo tu. Tena injini ikizimwa, msaada wa busta huisha baada ya kukanyaga mara chache. Kwa hiyo wale madereva wazimao injini mteremkoni ili kuokoa mafuta wauza uhai wao kwa bei ya nusu lita.

Wenye gari fupi, lile la 88, wana njia rahisi. Ngoma zao zina upana wa inchi 10, na za gari refu ni inchi 11. Breki za mbele za gari refu, pamoja na bamba lake la nyuma, hufungika katika ekseli ya gari fupi, nazo zina silinda mbili kila gurudumu badala ya moja. Huenda masta silinda nayo ikahitaji kubadilishwa, kwa kuwa silinda nyingi zataka mafuta mengi. Neno moja la kuangalia ni kwamba breki hizo za silinda mbili hushika vizuri gari liendapo mbele, lakini gari likirudi nyuma mlimani hushika kwa unyonge.

Na diski je? Sifa yake ni ya kweli. Diski iko wazi kwenye upepo, hivyo hupoa upesi. Ikipita katika maji hukauka baada ya kukanyagwa kidogo, ilhali ngoma iliyoingia tope la masika huhifadhi maji na mchanga ndani yake. Lakini shuu za dramu hujivuta zenyewe kuelekea ngoma inapozunguka, na hivyo huisaidia nguvu ya mguu. Diski haina msaada huo. Atiaye diski bila busta atajikuta anakanyaga jiwe. Kadhalika masta silinda nyingi za dramu zina kidude cha kubakiza nguvu kidogo ndani ya paipu. Kikiachwa, pedi za diski hazitaachia, nazo zitapata moto barabarani. Na pengine rimu za zamani zitagusa vyuma vipya, hata zihitajiwe nyingine. Haya yote ni gharama, na afadhali yajumlishwe kabla dramu hazijafunguliwa.

Limebaki jambo la breki ya mkono. Katika Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika shafti iendayo nyuma, karibu na giaboksi. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ya mkono hailishiki tena gari, kwa kuwa gurudumu lililo hewani huzunguka na lile lililo chini huachiliwa. Gari laweza kuondoka juu ya jeki na kumwangukia fundi aliye chini. Kabla ya kuinua, wekeni mawe au kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini.

Mzee wa Kibera alipofunguliwa magurudumu, silinda mbili za nyuma zilikutwa zinavuja na lainingi zake zimelowa mafuta. Zilibadilishwa, akanunua masta silinda ya vyumba viwili pamoja na busta yake, na fedha za diski akazirudisha mfukoni. Fundi alimwagiza asichukue mzigo kwa siku chache za kwanza, na asikanyage breki kwa ghafula mpaka lainingi mpya zilingane na ngoma. Kisha alimtuma alijaribu gari asubuhi na mapema, mahali tambarare pasipo watu, kabla ya kulipeleka Corner Baridi.