Seva tatu ndani ya kompyuta moja

Abiria anayepanda treni katika kituo cha Columbia Heights, mjini Washington, anaweza kusafiri kwa njia ya kijani hadi L'Enfant Plaza, akabadili na kuchukua njia ya rangi ya fedha mpaka Ashburn, jimboni Virginia. Treni zilianza kufika Ashburn mwezi Novemba mwaka 2022.

Ashburn na wilaya yake ya Loudoun hutajwa kuwa mahali penye mkusanyiko mkubwa kabisa wa vituo vya data duniani: majengo makubwa yaliyojaa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine.

Columbia Heights, kwa upande wake, ni mtaa wenye wahamiaji wengi, hasa kutoka Amerika ya Kati, na Waafrika pia wamo. Kwa mhamiaji aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ajira hizo ziko mwisho wa reli. Kikwazo ni kwamba mwajiri asiyekifahamu chuo chake hutaka kujua jambo moja: amewahi kuendesha seva?

Swali hilo humkabili pia kijana aliyehitimu Mwanza au Mombasa. Hakuna kampuni inayomkabidhi mwanagenzi seva yake ili ajifunzie. Njia iliyobaki ni kujijengea maabara nyumbani.

Je, mashine pepe ni nini?

Maabara hiyo haihitaji chumba wala mitambo. Inatumia mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Mfano wake ni nyumba ya kupangisha: paa ni moja na kisima ni kimoja, lakini kila mpangaji ana chumba na ufunguo wake.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa namna hiyo, VM/370, mwaka 1972, kwa ajili ya kompyuta kubwa za mashirika. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta programu iliyofanya kazi hiyo katika kompyuta za kawaida. VirtualBox, iliyotolewa mwaka 2007 na sasa kumilikiwa na Oracle, hupatikana bila malipo.

Vifaa vinavyotosha

Kompyuta mpakato iliyokwishatumika, yenye kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 100 katika diski, inatosha kuanzia. Mashine pepe tatu za Debian, mfumo wa bure wa jamii ya Linux, zisizowekewa madirisha wala picha, zinaweza kupewa gigabaiti moja ya kumbukumbu kila moja. Anayetaka kujifunza Windows Server hupata toleo la majaribio la siku 180.

Wengi hukwama hapa: mashine pepe hukataa kuwaka kwa sababu uwezo wa prosesa wa kuzibeba umezimwa. Uwezo huo, unaoitwa VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD, huwashwa katika mipangilio inayofunguliwa kabla kompyuta haijaanza.

Anayenunua intaneti kwa vifurushi hana haja ya kupakua kila kitu mara tatu. Asimike mashine moja, ainakili mara mbili, kisha abadilishe jina na anwani ya kila nakala.

Kujenga na kubomoa

Mashine ya kwanza iwe seva ya majina, inayotafsiri majina kuwa anwani za namba. Ya pili ihifadhi kurasa za tovuti, na ya tatu iwe hifadhidata inayoilisha tovuti hiyo. Zote ziunganishwe kwa mtandao wa ndani, kwa anwani zinazoanza na 192.168, zilizotengwa kwa matumizi ya faragha.

Zikishafanya kazi, zibomolewe kwa makusudi. Mwanafunzi ahifadhi kwanza hali ya mashine ilivyo, kisha ajaze diski mpaka pomoni, akosee mstari mmoja katika faili la mipangilio, au azime hifadhidata na kutazama tovuti inalalamikaje. Asome daftari la matukio la seva, atafute chanzo, atengeneze. Akishindwa, hurejea hali aliyoihifadhi na kuanza upya.

Kila hitilafu iandikwe: dalili, chanzo, dawa.

Tahadhari

Hali iliyohifadhiwa si nakala ya akiba, kwani imo katika diski ileile. Diski ikifa, vyote hufa. Umeme ukikatika ghafla, hifadhidata yaweza kuharibika, hivyo betri nzima ni muhimu. Tena maabara isifunguliwe kwa intaneti, kwani wapo wanaozunguka usiku na mchana wakitafuta seva zenye maneno ya siri dhaifu.

Maabara ya nyumbani haifundishi joto la chumba cha mitambo, nyaya zilizolegea, wala shinikizo la wateja wanaosubiri usiku wa manane. Hata hivyo, mwenye daftari la hitilafu thelathini alizozitatua mwenyewe ana la kujibu anapoulizwa kama amewahi kuendesha seva, na anaweza kueleza ilikufaje na aliifufuaje.