Picha ya Harusi Hairudiwi: Panga Vifaa na Pesa Kabla ya Siku Yenyewe

Ni Jumamosi, saa mbili usiku. Keki imekatwa, wageni wa mbali washaanza kutafuta matatu, na mpiga picha aliyesimama tangu alfajiri anafunga mkoba wake. Anamtafuta mweka hazina wa kamati ili amaliziwe Sh30,000 zilizobaki. "Usijali, tutaongea Jumatatu," anaambiwa. Jumatatu simu haishikwi. Wiki mbili baadaye anaambiwa kamati ilishavunjwa, aongee na bwana harusi. Bwana harusi naye anasema kamati ndiyo iliyoshika pesa zote.

Kama unapiga picha za harusi hapa Kenya, hadithi hii haikushangazi. Sisi huisikia kila msimu wa harusi ukiisha. Na kuna nyingine inayouma zaidi: kadi ya kamera imegoma kufunguka, na picha za kanisani hazipo. Hapo wewe ndiye unayedaiwa.

Hadithi hizi mbili ni ndugu. Fundi wa nguo akikosea kipimo, atafumua ashone tena. Wewe huwezi kuwaambia watu warudi kanisani wavishane pete upya. Kwa hivyo mambo yote ya maana, ya vifaa na ya pesa, hupangwa kabla ya siku yenyewe. Tuyapitie moja moja.

Viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa

Wengi wanaoanza huweka akiba miaka miwili wanunue kamera moja ya bei kali. Kisha inaanguka, ama inakataa kuwaka, na harusi inaendelea bila wao. Kwa kazi ya harusi, kamera mbili za kawaida ni afadhali kuliko moja ya kifahari. Kama uwezo ni wa moja tu, kodisha ya pili kwa siku hiyo na uweke gharama hiyo kwenye bei.

Ukichagua kamera, tafuta yenye nafasi mbili za kadi, uiseti iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, nyingine ipo. Beba betri tatu au zaidi zilizojaa, na uzijaze Ijumaa mchana badala ya kungoja usiku. Stima ikipotea Ijumaa usiku, Jumamosi haikusubiri.

Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 ni ya bei nafuu, hupiga vizuri penye mwanga mdogo, na inatosha kwa picha nyingi za watu. Ukipata nyingine ya 24-70mm, utaweza kupiga familia nzima bila kurudi nyuma hadi ukutani. Lenzi ndefu ya 70-200mm ni ghali, na kanisani ndipo utaihitaji zaidi. Hiyo kodisha hadi kazi iilipe yenyewe.

Ukinunua kamera iliyotumika, uliza imepiga picha ngapi, linganisha nambari iliyochapwa kwenye kamera na ile ya risiti, kisha ijaribu kwa kadi yako mwenyewe. Muuzaji wa mtandaoni akikuambia utume "kidogo tu" ili akuwekee, kataa. Kutana naye mahali penye watu, ijaribu kamera, kisha ulipe ukiwa umeishika.

Jua, hema na gauni jeupe

Sisi tuko ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu utosini, na kivuli cha paji la uso kinaangukia macho. Usipange picha za maharusi wakati huo bila kivuli. Watafutie mti mkubwa au baraza ya jengo, uwageuze watazame upande wenye mwanga. Kitu kizuri ni kwamba jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Basi saa kumi na moja na nusu ndiyo saa yako ya dhahabu, iwe Aprili au Desemba. Mwambie mshereheshaji mapema akuachie maharusi kwa dakika ishirini saa hiyo.

Hema nalo lina mambo yake. Hema jeupe hulainisha mwanga vizuri sana. Lakini likipambwa kwa vitambaa vya zambarau, nyuso zote zitakuwa za zambarau, na ukielekeza flashi juu kwenye kitambaa hicho utaongeza balaa. Nenda ukaone ukumbi mapema, au angalau omba picha za mapambo.

Halafu kuna gauni jeupe na ngozi yetu nyeusi. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi unaingia giza. Pima mwanga usoni badala ya kwenye gauni, kisha ukague kama weupe wa gauni bado una mikunjo yake. Piga kwa RAW ili ukikosea kidogo uweze kurekebisha.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nakili picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Nakala ya tatu iwe mahali pengine kabisa, kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski iliyo kwa ndugu yako. Mwizi akiingia nyumbani hatakuachia diski kwa sababu ina harusi ya mtu. Na usifute kadi hadi mteja apokee picha zake.

Hesabu siku zote, sio Jumamosi pekee

Mteja huona umefanya kazi siku moja. Wewe unajua si hivyo. Tuchukue mfano wa harusi ya Sh60,000. Msaidizi wa kamera ya pili anachukua Sh8,000, usafiri na chakula Sh4,000, albamu Sh12,000, umeme na bando Sh2,000. Jumla ni Sh26,000. Weka kando Sh6,000 za kutengeneza na kubadilisha vifaa, kwa maana kamera huchakaa hata isipoanguka. Unabaki na Sh28,000.

Sasa hesabu siku: moja ya mkutano na kuona ukumbi, moja ya harusi, nne za kuchagua na kusafisha picha, moja ya kupanga albamu na kuipeleka. Hizo ni siku saba. Umelipwa Sh4,000 kwa siku.

Sasa mtu anakuja kukubembeleza: "Fanya thelathini na tano, ni mambo ya jamii." Gharama ni zilezile. Ukitoa Sh26,000 na zile Sh6,000 za vifaa, unabaki na Sh3,000 kwa siku saba, yaani kama Sh430 kwa siku. Kama lazima upunguze bei, punguza kazi pia: toa albamu, au toa msaidizi, au funga kamera saa kumi jioni. Mteja achague.

Nani hasa anakulipa?

Kamati ya harusi ni kitu kizuri sana, lakini ni kikundi cha muda. Ikishamaliza kazi yake, hakuna ofisi ya kwenda kubisha. Makubaliano yako yaandikwe na maharusi wenyewe, hata kama pesa zitatoka kwa kamati. Karatasi moja inatosha: tarehe na mahali, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha, siku ya kuzipokea, bei, na ratiba ya malipo. Andika pia litakalofanyika tarehe ikisogezwa au harusi ikivunjika. Wote mtie sahihi, kila mtu abaki na nakala.

Ratiba yenyewe tunapendekeza iwe hivi. Asilimia 50 ya kushika tarehe. Asilimia 40 siku saba kabla ya harusi. Asilimia 10 wakipokea picha. Kwa ile harusi ya Sh60,000, unapata Sh30,000 za kwanza, ambazo zinafunika gharama zako zote, kisha Sh24,000. Hata mtu akikuruka mwishoni, kinachobaki ni Sh6,000, na picha bado ziko mkononi mwako. Mpiga picha wetu wa mwanzo angelala usingizi.

Na bila malipo ya kwanza, hakuna tarehe iliyoshikwa. Liseme hilo kwa upole, lakini liseme. Anayesema "nishikie tu, nitatuma mwisho wa mwezi" anakuzuia kuchukua kazi nyingine Jumamosi hiyo.

Pesa imeingia, ama ni meseji tu?

Pokea malipo ya kazi kwenye till yako, sio kwenye laini ile unayonunulia unga. Ukichanganya, mwisho wa mwezi hutajua kama biashara inakulisha au wewe ndiye unayeilisha. Till ikiwa ya kazi peke yake, taarifa yake ya miezi sita itakuonyesha kila malipo, na ukienda kwenye sacco kuomba mkopo wa kamera utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Siku ya harusi mikono imejaa, na walaghai wanajua hivyo. Usiamini meseji iliyoko kwenye simu ya mteja, wala picha ya meseji iliyotumwa kwa WhatsApp. Hata meseji iliyoingia kwako, angalia imetoka kwa nani, kisha ufungue salio la till uone kama pesa ipo. Ni kazi ya nusu dakika.

Mtu usiyemjua akipiga simu na kudai ametuma kimakosa, asikuharakishe. Usimrudishie kutoka mfukoni mwako. Mwambie apige simu kwa huduma kwa wateja, afuate utaratibu wa kurudishiwa. Na PIN yako haombwi na mtu yeyote, hata anayesema anatoka kwetu.

Kwa wale wa mahafali na picha za familia, kanuni ni fupi: chapisha baada ya kulipwa. Bandika nambari ya till kwenye meza ya printa iwe kubwa na isomeke. Picha iliyochapishwa ya mtu aliyeondoka haina mnunuzi mwingine.

Picha ni za nani?

Hapa wengi hushtuka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa, haki yake huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkubaliane vingine. Kama unataka kubaki na haki hiyo, au unataka ruhusa ya kuzitumia picha kujitangaza, iandike kwenye yale makubaliano.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kutumia sura ya mtu kutafuta wateja kunahitaji idhini yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake. Faini kama hiyo kamera zako zote haziwezi kulipa. Weka mstari wa kutia alama: "Naruhusu" au "Siruhusu."

Kule Pwani jambo hili ni zito zaidi. Kwenye shughuli za wanawake, mara nyingi mpiga picha lazima awe mwanamke, na picha hazitoki nje ya familia. Uliza pia nani ataruhusiwa kuzisafisha kwenye kompyuta. Ukiheshimu hilo, jina lako litapita nyumba hadi nyumba bila tangazo hata moja.

Desemba inalisha Januari

Harusi huja kwa vipindi. Agosti na Desemba simu haitulii. Wakati wa Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na Ramadhani harusi za Waislamu hupungua. Kisha Januari yenyewe, mnaijua. Kila malipo yakiingia, gawa papo hapo: ya gharama, ya vifaa, yako. Ile ya vifaa ihamishe kwenye akaunti ya akiba siku hiyohiyo, kabla haijaanza kukusemesha.

Alhamisi jioni, kagua haya

- Malipo ya asilimia 40 yako kwenye till, na umeyaona kwa macho yako.
- Makubaliano yametiwa sahihi, na mstari wa ruhusa ya picha umejazwa.
- Kamera mbili zinawaka, kadi ziko tupu, na picha za kazi iliyopita zina nakala tatu.
- Betri za kamera na za flashi zimepangiwa muda wa kujazwa Ijumaa mchana.
- Una nambari za simu za mshereheshaji, za msaidizi, na za mtu mmoja wa familia anayewajua wazee wote kwa majina.

Huyo wa mwisho usimsahau. Yeye ndiye atakayekuambia nyanya aliyekaa kule nyuma ni nani, ili umpige picha kabla hajachoka na kurudishwa nyumbani. Miaka ijayo, hiyo ndiyo picha watakayokuja kukuomba tena. Hakikisha bado unayo.