Dawa ni Bure, Nauli Je? Safari ya Mraibu Kuelekea Tiba

Asubuhi na mapema, foleni hujipanga mbele ya dirisha la kliniki ya methadoni. Kila mgonjwa hutambuliwa, hupewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, huinywa mbele ya mhudumu, kisha huenda zake. Tendo lenyewe ni la dakika chache. Lakini wengi katika foleni hiyo walitoka nyumbani kungali giza, na kesho watatoka tena.

Tiba hii ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011. Baadaye ilifika Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani, ikiwemo Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Mgonjwa halipii dawa. Hata hivyo, kitu kinachotolewa bure si lazima kiwe karibu, na umbali nao una bei yake.

Ili kuielewa bei hiyo, ni vyema kufahamu jinsi dawa inavyofanya kazi. Nguvu ya heroini, ambayo mitaani huitwa unga, hudumu kwa saa chache tu. Ikipungua, arosto huingia: viungo huuma, tumbo huvurugika, usingizi hutoweka. Methadoni hushika sehemu zilezile za ubongo, lakini taratibu, na nguvu yake hudumu kwa siku nzima au zaidi. Mwili ukishatulia, mgonjwa hupata nafasi ya kuketi na mshauri nasaha na kuzungumzia yaliyomfikisha hapo. Ndiyo maana dawa na ushauri huenda pamoja.

Basi kijana anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi hupanda daladala 28 kwa wiki, kwa kuwa dawa hii haina Jumapili. Asiye na kibarua huipata wapi nauli hiyo? Akikosa siku moja, arosto humnyemelea. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili huanza kusahau ustahimilivu wake, na kliniki hulazimika kukipima upya kiwango chake. Akirudia unga kwa kipimo alichokizoea zamani, pumzi inaweza kukatika.

Hatari hiyohiyo humkabili anayetoka katika nyumba ya upataji nafuu, maarufu kama soba hausi. Familia nyingi hukimbilia huko, nyingine zikiuza mifugo ili kulipa ada ya kila mwezi. Nyumba hizo zimewasaidia watu wengi. Hata hivyo, miezi ya kutotumia hushusha ustahimilivu wa mwili, hivyo wiki za mwanzo baada ya kurejea nyumbani zinahitaji uangalizi mkubwa kuliko sherehe. Kabla ya kulipa, mzazi ana haki ya kuuliza: Je, nyumba imesajiliwa? Ni mtaalamu gani wa afya huwaona wagonjwa? Mwenye kifua kikuu au virusi vya UKIMWI ataendeleaje na dawa zake? Nani atamfuatilia mgonjwa akishatoka? Palipo na minyororo au viboko hapana tiba.

Methadoni nayo ina mipaka. Huwafaa walioathiriwa na heroini na dawa za jamii yake. Haitibu uraibu wa bangi, kokeini wala pombe. Kwa hao, ushauri nasaha ndio nguzo ya tiba, na pa kuanzia ni kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wapo pia waelimishaji rika wa asasi za kiraia, wengine wakiwa wamepitia uraibu wenyewe, ambao humwendea mraibu maskani na kumsindikiza hadi kliniki.

Familia isiyo na fedha ya ada inaweza kuwa na nauli, na isiyo na nauli ya wiki inaweza kuwa na ya kesho. Ndugu wakichangiana nauli hiyo, jirani akiacha kumwita mgonjwa teja, na mwajiri akimruhusu kuchelewa kidogo asubuhi, wote hao wamo katika tiba. Huduma nayo haina budi kusogea karibu zaidi na makazi ya watu, kwani mgonjwa hutibiwa na dawa iliyomfikia.