Masafa na Saa za Safari ya Angani baina ya Goma na Kinshasa

Mtu atokaye Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, akiazimia safari ya Kinshasa, aghalabu huuliza kwa pamoja kwamba ni mbali kadiri gani na ndege itachukua muda gani, akidhani kuwa akilipata jawabu la kwanza, la pili litafuata lenyewe.

Masafa hupimwa kwa hesabu ile ile waliyoitumia manahodha baharini. Uwanja wa Goma na ule wa N'djili, Kinshasa, hutengana kwa nyuzi 14 hivi za duara la dunia, na kwa kuwa kila uzi ni takriban kilomita 111, tunapata kilomita 1,560. Karibu na ikweta, mstari ulionyooka katika ramani haukhitilafiani sana na njia fupi ya kweli. Lakini ndege itokayo Nairobi kwenda New York, safari iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, hupinda kuelekea kaskazini, na kwa sababu ya pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi, huenda kwa saa 15 na kurudi kwa 14.

Kwetu pepo hizo ni dhaifu. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingeyamaliza masafa yetu kwa muda usiotimia saa mbili, lakini kupanda, kushuka na kutambaa uwanjani huongeza robo saa au zaidi. Kinachowatatiza abiria ni saa ya ukutani, maana Goma imeitangulia Kinshasa kwa saa moja: aondokaye Goma saa mbili asubuhi hufika saa tatu na robo, ilhali aondokaye Kinshasa saa mbili hufika kwetu saa tano na robo, na hali safari ni ile ile.

Ardhi nayo ina hukumu yake. Uwanja wa Goma uko yapata mita 1,500 juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, na ndege hulazimika kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Basi lava ya volkano ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya njia ya kurukia Januari 2002, haukupungua urefu tu, bali pia uzito wa mizigo na mafuta ambao ndege iliweza kuubeba kwa salama.

Ama vita hupindua hesabu yote. Uwanja ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, abiria wa Goma alilazimika kwenda Kigali kwa barabara, kilomita 150 na ushei, kisha aruke hadi Nairobi, kilomita 760 kuelekea mashariki, akiipa mgongo Kinshasa aendako, ndipo aianze safari ya kilomita 2,400 kurudi magharibi. Masafa ya angani peke yake yamezidi maradufu, na nauli pia. Nami naona ni dhuluma kumwambia mtu huyo kwamba Kinshasa ni mwendo wa saa mbili. Azingatie pia kwamba Kigali hufuata saa ya Goma, Nairobi imetangulia kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili. Na kila saa iliyoandikwa katika tiketi ni ya mji ule ndege iondokako au ifikako, wala si ya nyumbani kwake.