Taa nyekundu ya Lodwar: mwanga wa leza unatibu nini, na hautibu nini

Mimi ni mtu wa Kisauni, lakini kwa miaka kadhaa sasa safari zangu nyingi ni za Turkana. Shemeji yangu ana duka Kakuma. Mzigo wake hushushwa Lodwar, kisha hubebwa kilomita zipatazo 120 hadi dukani. Magoti na mgongo vilipoanza kumuuma, sote tulisema ni magunia.

Safari yangu ya mwisho nilimkuta Lodwar kwenye chumba cha kupanga karibu na soko, amenyoosha mguu, goti linamulikwa kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Mwenye kifaa aliniambia hiyo ni tiba ya leza. Kikao kimoja shilingi 1,500, na shemeji alitakiwa kufanya vikao 10. Alikuwa ameshalipia vinne. Nikauliza goti lina ugonjwa gani. Yule bwana akanijibu, "Mwanga unatibu kila kitu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kuuliza na kusoma. Nayaandika hapa kwa sababu vifaa vya namna hii siku hizi mtu huviagiza kwa simu tu, awe Lodwar, Malindi au Lamu.

Kwanza tumtendee haki yule bwana: tiba yenyewe si uganga. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Miaka michache baadaye, daktari wa Budapest, Hungaria, aitwaye Endre Mester, aliwamulika panya walionyolewa manyoya kwa leza hafifu. Akaona manyoya ya waliomulikwa yanaota upesi kuliko ya wenzao. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakichunguza mwanga huo unafanya nini mwilini.

Leza hii si ile ya kukatia nyama katika upasuaji. Nguvu yake ni ndogo na haiunguzi. Mwanga mwekundu, na ule wa infraredi usioonekana kwa macho, hupenya ngozi na kufika kwenye seli. Ndani ya seli mna vijumba vinavyotengeneza nguvu ya mwili, viitwavyo mitokondria. Watafiti wengi wanaona kuwa humo ndimo mwanga unamonyonywa, seli ikapata nguvu zaidi, damu ikapita vizuri, na kemikali zinazoleta uvimbe zikapungua. Uvimbe ukipungua, maumivu nayo hupungua.

Shemeji aliniuliza swali zuri: "Kama ni mwanga, jua la Turkana halitoshi?" Jua lina rangi zote kwa pamoja. Leza hutoa rangi moja, mahali pamoja, kwa muda unaohesabika. Na kipimo ndicho kila kitu hapa: mwanga ukiwa kidogo mno haufanyi kazi, ukizidi mno faida hupotea. Ndiyo maana mtu asiyejua nguvu ya kifaa chake hawezi kukutibu, hata kama kifaa ni kizuri.

Je, ushahidi upo? Upo, ila si wa kila ugonjwa. Mwaka 2009 jarida la The Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 16 yenye wagonjwa 820 wa maumivu ya shingo, na leza ilionekana kuwapunguzia maumivu. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja miongoni mwa njia za kujaribu kwa maumivu sugu ya mgongo, lakini kikakiri kuwa ushahidi wake ni dhaifu. Hospitali za saratani nazo huitumia kuzuia vidonda vya mdomo vinavyoletwa na matibabu. Kwa magoti yaliyolika, matokeo yamekuwa mchanganyiko, na kipimo ndicho kinachobishaniwa sana.

Hata inaposaidia, leza huenda pamoja na mazoezi. Haiondoi vijidudu na hairudishi gegedu lililokwisha.

Hapo ndipo kisa cha shemeji kilipogeukia. Nilipomdodosa, akasema jioni hupata homa, usiku hutoka jasho hadi shuka inalowa, kisha siku mbili tatu anakuwa mzima. Na tangu ahamie Kakuma amezoea maziwa ya mbuzi na ngamia, mabichi, kama wenyeji wengi. Tulikwenda hospitali. Daktari hakuridhika na kipimo kimoja cha haraka, kwa kuwa hicho huweza kudanganya, akaagiza kingine. Ilikuwa brusela.

Brusela ni ugonjwa wa vijidudu unaotoka kwa mifugo, kupitia maziwa yasiyochemshwa au kwa kumsaidia mnyama kuzaa. Huuma viungo na mgongo sawasawa na uchovu wa kazi. Ukiachwa, huweza kula uti wa mgongo na hata kufika moyoni. Kwa kawaida hutibiwa kwa dawa mbili za kuua vijidudu, kwa muda wa wiki sita bila kukatiza. Vikao vyote 10 vya taa visingemgusa mdudu huyo hata mmoja.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukiambiwa habari ya leza, usikimbie wala usirukie. Uliza ugonjwa wako umepimwa na nani. Uliza kama mwenye kifaa ni mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa na Baraza la Wafiziotherapia la Kenya. Hakikisha wewe na yeye mmevaa miwani ya kukinga macho, kwani leza huweza kuharibu jicho. Mwenye saratani asimulikwe penye uvimbe, na mjamzito asimulikwe tumboni. Na ukiwa na homa, unapungua uzito, au miguu inakufa ganzi, nenda hospitali kwanza.

Shemeji amemaliza dawa zake na amerudi dukani. Mgongo bado humsumbua kidogo akibeba mizigo, na kwa huo anafanya mazoezi aliyopewa. Maziwa anakunywa bado, ila sasa huyachemsha.