Ukiajiriwa na familia, likizo ya uzazi ni haki, si fadhila

Kuanzia Rusumo na Kabanga, mipakani wilayani Ngara, hadi njia panda ya Nyakanazi wilayani Biharamulo, biashara nyingi ni za familia: duka la jumla, mashine ya kukoboa, mgahawa, nyumba ya wageni. Baba ndiye bosi, mama anashika fedha, kijana wao anasimamia stoo. Binti anayeajiriwa humo huambiwa yeye ni kama mtoto wa nyumbani.

Kauli hiyo ina faida zake. Akifiwa, bosi hutoa usafiri na mchango. Akiugua, hupewa hela ya dawa. Lakini undugu huohuo huziba mdomo. Baba anamtuma dukani, mama anamwita jikoni, na hakuna anayejua kazi yake inaisha saa ngapi. Mimba ikionekana, kuomba likizo huchukuliwa kama kukosa shukrani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiangalii kama mwajiri ni kampuni kubwa au baba na wanawe. Mama anayejifungua anastahili likizo yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akipata mapacha. Baba wa mtoto naye ana siku tatu. Katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, mjamzito hapaswi kupangiwa kazi kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi. Hilo linazihusu hasa nyumba za wageni na migahawa inayopokea madereva wa malori usiku.

Akirudi kazini, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Saa hizo si anasa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, ilhali siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Titi lisiponyonywa au kukamuliwa kwa muda mrefu huuma na kujaa, na maziwa hupungua.

Fanya haya mapema

Mjamzito amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, akiwa na cheti cha daktari. Ni vyema afanye hivyo kwa maandishi na abaki na nakala.

Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Ukizuka mgogoro na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, ni juu yake kuthibitisha makubaliano yalikuwaje. Hata hivyo, daftari la siku za kazi na kumbukumbu za malipo kwenye simu husaidia.

Kumwachisha kazi mama kwa sababu ya ujauzito ni kosa. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Kwa mtu wa Ngara safari ya Bukoba ni ndefu, hivyo asizimalize siku hizo akisubiri wazee wasuluhishe.

Kwa familia zenye biashara, chagueni mtu mmoja wa kutoa maelekezo, andikeni mshahara na saa za kazi, na mpangeni mapema atakayeshika nafasi ya mzazi. Mchango wa msibani ni wema wenu, lakini likizo ya uzazi ni deni lenu kwake na kwa mtoto wake.