Msamaha wa matibabu unapoishia kwenye dirisha la dawa

Baada ya swala ya Alfajiri, Buguruni haingoji jua. Wachuuzi wanawahi sokoni, daladala zinaita abiria wa Kariakoo, na akina mama waliobeba watoto wenye homa wanashika njia ya kituo cha afya. Mkononi wana kadi ya kliniki. Mfukoni, mara nyingi, nauli tu.

Kwa mujibu wa sera ya nchi, nauli hiyo ingetosha. Mtoto aliye chini ya miaka mitano, mama mjamzito na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wanastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mtoto huonwa na daktari, hupimwa, na dawa huandikwa. Kisha hufikiwa dirisha la dawa, na hapo wengi huambiwa: "Hii imekwisha, kanunue nje."

Ni rahisi kumlaumu aliyeketi nyuma ya dirisha lile, lakini jambo hili lina historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilijitwika jukumu la kutibu wananchi bila malipo, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Uchumi ukayumba. Mwaka 1991 hospitali hizo ziliruhusiwa tena, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama. Misamaha ikawekwa ili uchangiaji usiwafungie mlango wanyonge.

Tatizo ni kwamba msamaha hauji na fedha. Kituo hununua sehemu ya dawa zake kutoka Bohari ya Dawa (MSD) kwa makusanyo yake yenyewe, yaani fedha za wanaolipa na malipo ya bima. Aliyesamehewa huondoka na dawa, lakini thamani yake hairudi. Hivyo, kituo chenye watoto, wajawazito na wazee wengi hutoa zaidi na kukusanya kidogo. Rafu hubaki tupu pale zinapohitajika zaidi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inakusudia kuziba pengo hilo kwa kuweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, ili fedha zimfuate mgonjwa hadi kituoni. Ni nia njema, nayo itapimwa kwenye dirisha lile lile.

Wakati huo, familia haipaswi kukaa kimya. Mzee aende na kitambulisho chake na mtoto na kadi yake. Anayetozwa asichostahili aulizie ofisi ya ustawi wa jamii. Kamati ya kituo ina wajumbe kutoka kwa wananchi: tuwajue ni akina nani, na tuwaulize kwenye mkutano wa mtaa dawa zipi zimekosekana na kwa nini. Na misikiti yetu, ambayo haijapata kushindwa kuchangia sanda na jeneza, ianze kuchangia bima za wajane na mayatima walio hai.

Haki ya mgonjwa haikamiliki kwa kuandikiwa dawa. Hukamilika mama anaporudi nyumbani nayo.